Kanisa la Pondu

Kitivo chetu chote kiliamini kwamba mashine yetu ya PCR ni bikira, na mimi sikuwa na haraka ya kumtoa mtu imani yake.

Mashine yenyewe haizidi redio ya zamani kwa ukubwa. Kazi yake ni kunakili. Unaipa kipande cha ADN, yaani DNA, kidogo kiasi kwamba hata hadubini haikioni, nayo inakipasha moto, inakipoza, inakipasha tena, na kila mzunguko nakala zinaongezeka, hadi kile kilichojificha kinakuwa kingi na kinaonekana. Sisi wanafunzi wa biolojia ya molekuli na chembe hai tulijua hayo yote kabla hatujaiona mashine kwa macho. Tulifundishwa ubaoni. Profesa Lambert, Doyen wetu, yaani mkuu wa kitivo, alikuwa akichora mraba kwa chaki na kusema kwamba hiyo ndiyo mashine, kisha anaandika ndani ya mraba joto la kila hatua. Tulikariri viwango vile vya joto kama katekisimu. Mtihani mmoja nilipata alama nzuri sana kwa sababu mraba wangu ulikuwa na pembe zilizonyooka.

Ndipo mradi mmoja wa Ulaya ukatuletea mraba wa kweli. Ulishuka uwanja wa ndege wa Bangoka, hapa Kisangani, ndani ya sanduku lenye maandishi mekundu, ukapandishwa kwenye lori, ukaingizwa kwenye chumba kilichopakwa rangi mpya kwa ajili yake. Mke wa Doyen akaishonea kitambaa cha lesi, kile ambacho mama zetu hufunikia televisheni. Doyen akazungusha utepe wa rangi za bendera kuizunguka meza nzima, kutoka kiti hadi kiti, akafunga mlango. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa mpaka mheshimiwa atoke Kinshasa aje kukata utepe.

Mheshimiwa alitangazwa kabla ya Pasaka, ndege ikakosekana. Akatangazwa tena wakati wa kiangazi, serikali ikabadilika, ikabidi tuanze upya na mheshimiwa mwingine. Sisi tuliendelea na chaki.

Nisimwonee Doyen. Alikuwa na sababu yake. Enzi za ujana wake, alipokuwa msaidizi tu, kitivo kililetewa hadubini ya bei kubwa, na wakubwa zake wakaitumia kabla ya sherehe, wakaivunja lenzi. Siku ya utepe ilipofika hakuna aliyethubutu kusema. Mheshimiwa wa wakati ule aliinama mbele ya kamera, akachungulia giza tupu kwa muda mrefu, akainuka na kusema ni nzuri sana. Mji mzima ulicheka, na mkuu wa idara akahamishiwa mahali ambapo hata chaki ilikuwa ya kuomba. Tangu siku hiyo Lambert aliapa kwamba kitu cha serikali hakiguswi kabla ya serikali kukigusa.

Kiapo chake kilinikaba mimi. Jina langu Larissa, mama yangu ni mtu wa Yanonge, kando ya mto, na mada ya mémoire yangu, ile kazi ya mwisho ya kupatia shahada, ilikuwa ugonjwa wa mozaiki wa muhogo, ule unaokunja majani na kuyatia madoa ya njano. Watu wa mtoni wanapeana miti ya muhogo ya kupanda kwa moyo mweupe: shangazi anakuja kutembea, anaondoka na kifungu cha miti kwenye pirogi, yaani mtumbwi. Mti unaonekana mzima, kumbe virusi wamo ndani wanapumzika tu. Nilitaka kujua ni miti mingapi mizuri inayobeba ugonjwa kimyakimya, na kujua hilo bila PCR haiwezekani. Mwaka wa kwanza wa kungojea utepe nilikosa matokeo, nikaambiwa nirudie. Kanuni ilikuwa moja: ukikosa mara ya pili, unafutwa chuoni. Mama alikuwa ameshaniambia kwa upole kwamba kwenye meza yake ya samaki, pale soko la Mangobo, pana nafasi ya mtu mmoja.

Nilimwendea Doyen, ambaye ndiye alikuwa msimamizi wa mémoire yangu, nikamweleza kwamba mwaka unakwisha. Akanitazama kwa huruma ya kweli, akasema nivumilie, mashine si yangu wala si yake. Nikatoka nje nikiwa na hasira za kupasua ukuta. Mashine ipo, umeme upo siku nyingine, majani ya muhogo yamejaa mkoa wote wa Tshopo, na mimi nafukuzwa chuo kwa ajili ya mkasi.

Aliyeniokoa ni Gédéon, msaidizi wa maabara, mtu mrefu na mwembamba aliyekuwa amepelekwa Dakar kujifunza mashine za aina hiyo. Alirudi na cheti, akakuta mashine imevalishwa lesi. Yeye ndiye mwenye ufunguo wa chumba, kazi yake ilikuwa kufungua kila asubuhi, kupangusa vumbi juu ya lesi, na kufunga. Kilichomtoa usingizini ni dawa. Mashine ilikuja na dawa zake za maabara, zikawekwa kwenye friza, na dawa hazijui protokali. Zilikuwa zinaelekea kuisha muda.

Siku moja alinisimamisha kwenye korido, akatazama huku na huku.

"Larissa," akasema, "dimanche unasalaka wapi?"

Nikamwambia ninasali parokiani, na mama.

"Bon. Kuanzia hii dimanche utasalaka na miye."

Jumapili alikuwa ameichagua kwa akili. Siku hiyo viwanda na ofisi zinapumzika, na umeme wa Kisangani, ambao siku za kazi ni wa kugombania, unatulia kama mtu aliyeshiba. Mlinzi wa kitivo ni mwimbaji wa kwaya, hayupo. Na nyuma ya ukuta wetu kuna kanisa la uamsho lenye spika kubwa kuliko waumini, hata ungewasha mashine ya kukoboa mpunga hakuna ambaye angeisikia.

Tuliingia tukiwa tumeinama chini ya utepe, na hapo tu ndipo tulipopiga magoti katika ibada yetu. Gédéon alikunja lesi kwa kufuata mikunjo yake ya awali. Kioo cha mashine kilikuwa bado na ile plastiki nyembamba ya kiwandani, kwa maana Doyen alitaka mheshimiwa mwenyewe aibandue mbele ya kamera, basi tukawa tunabonyeza vitufe juu ya plastiki. Ilipowaka kwa mara ya kwanza ilitoa mlio mdogo, na Gédéon akageukia ukutani akafuta macho. Nilijifanya sikuona. Ikauliza jina la kazi. Gédéon alisema tuandike herufi zozote zisizo na maana, lakini mimi nilikuwa nimesubiri mashine hiyo muda mrefu mno kuficha jina langu. Nikaandika PONDU LARISSA, pondu likiwa jina letu la kisamvu.

Sasa nieleze kazi yenyewe ilivyokuwa, maana mama zetu wanadhani chuo kikuu watu wanaelea. Ili kutoa ADN kwenye jani, sharti ulisage. Kwa hiyo nilikuwa na kinu cha kauri, kikubwa kama kikombe cha chai, na mchi wake, nami nikawa natwanga majani ya muhogo. Mama alinipeleka chuo ili nisitwange pondu maisha yangu yote. Nikafika mwaka wa mwisho, nikakabidhiwa kinu.

Nyumbani nilisema nimejiunga na kikundi cha sala cha wanafunzi. Mama aliniuliza kinaitwaje. Nikasema Chanzo cha Uhai, jina lililokuja kichwani bila kuombwa. Alifurahi sana. Alifurahi hadi akataka kuja kumwona mchungaji.

Akaja. Jumapili moja alivaa vitenge vyake vya kutokea, akafuata kelele za spika hadi kanisa la uamsho, akatazama safu zote, asinione. Alipotoka nje alisikia kitu kingine nyuma ya ukuta, sauti ya mchi. Mama ametwanga pondu tangu utotoni. Sauti hiyo angeitambua hata katikati ya radi. Akaufuata mlio hadi dirishani, na dirishani akamkuta mwanawe kavaa koti jeupe na glavu, anatwanga, na mwanamume mrefu kasimama mbele ya sanduku linalowaka taa.

Nilimfungulia mlango. Gédéon alitaka kuzima mashine, akakumbuka kwamba akizima tunapoteza kila kitu, akabaki amesimama mbele yake na mikono nyuma.

"Pasteur njo huyu?" mama akauliza.

Nikasema si mchungaji, ni assistant wetu.

"Na munatwanga nini?"

"Pondu, mama. Tunaangalia kama iko na ugonjwa."

Akainama juu ya kinu changu, akachungulia, akanusa.

"Chumvi hakuna, mafuta hakuna," akasema. "Hii kanisa yenu ni ya mateso."

Akaketi kwenye kiti, akiwa amesukuma utepe kando bila heshima yoyote, na akataka kuelezwa. Gédéon akamweleza vizuri kuliko alivyowahi kutueleza sisi. Mama alisikiliza hadi alipofika kwenye mti unaoonekana mzima na kumbe umebeba ugonjwa, hapo akamkatiza na kuuliza kama mashine inaweza kuuona ugonjwa kabla jani halijakunjamana. Gédéon akasema ndiyo. Mama ana shamba lake Yanonge, shamba zuri ambalo ndugu zake wote wanalionea fahari, na kwa miaka mingi amegawa miti yake kwa nusu ya watu wa kule hadi Isangi.

Juma lililofuata akaniletea majani yake mwenyewe, yamefungwa kwenye karatasi tofauti, kila mti na lake. Niliyatwanga, nikayapitisha mashineni, tukayaweka kwenye jeli na kuwasha ile taa ya zambarau ambayo chini yake ADN inaonekana kama mistari ming'avu. Karibu nusu ya miti yake ilikuwa na mstari wa virusi. Nilimpelekea picha kwenye simu. Alikasirika na mimi kana kwamba mimi ndiye niliyeupeleka ugonjwa, akakaa jikoni hanisemeshi, na mimi nikalia, maana nilikuwa nimepata matokeo bora ya mwaka na nimepoteza uso wa mama yangu. Kesho yake alipanda boti kwenda Yanonge. Aling'oa miti yote yenye ugonjwa kwa mkono wake, akapita kwa ndugu mmoja mmoja kuwaambia wasipande tena alichowapa.

Kwa hiyo nilipoandika mémoire yangu sikuwa naandika mchezo. Niliichapisha, nikaipeleka ofisini kwa Doyen aisaini, maana bila sahihi yake huwezi kutetea. Alisoma ukurasa wa kwanza akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alisoma wa pili. Alipofika kwenye picha za jeli akavua miwani.

"Mashine haiyaanza kazi," akasema. "Haya matokeo ulitoa wapi?"

Alijua. Mtu mwenye miaka yote hiyo kazini anajua. Lakini angekiri kwamba anajua, angekuwa amekiri kwamba bikira wake si bikira, na mheshimiwa kwa mara hii alikuwa anakuja kweli: alitarajiwa Alhamisi, na hema zilishakodishwa. Akanirudishia mémoire, akanishauri kwa sauti ya kibaba nitoe picha zote na sura ya matokeo niipe kichwa kipya, Matokeo Yanayotarajiwa. Nikamuuliza jury, yaani jopo la watahini, itanipa alama gani kwa kutarajia. Akasema pengine hawatanipa, lakini nitakuwa na dhamiri safi. Muda wa kupeleka mémoire ulikuwa unakwisha Jumamosi, na dawa za kurudia kazi nzima baada ya sherehe hazikuwepo tena, tulikuwa tumezimaliza. Nilimchukia siku hiyo, nalisema wazi. Nilitoka na mémoire kwenye begi langu, na kuanzia hapo sikuitoa, nikawa natembea nayo kila mahali kama mtu anayetembea na cheti cha hospitali.

Alhamisi ikafika. Kulikuwa na fanfare, yaani bendi ya matarumbeta, televisheni ya mjini, viti vya plastiki vilivyofunikwa vitambaa vyeupe, na chini ya hema la pili lituma ya ndizi za kupondwa na samaki wa liboke, waliookwa majanini, wakisubiri hotuba ziishe. Mheshimiwa aliwasili akiwa amechelewa na mchangamfu, mtu mnene wa sauti nzito, mzaliwa wa huku huku kando ya mto kabla hajawa wa Kinshasa. Mke wa Doyen akammiminia glasi ya mvinyo wa mchikichi ya kumkaribisha, akaionja kwanza yeye mwenyewe mbele ya watu wote, kama ilivyo desturi, ndipo akampa. Mheshimiwa akanywa yote, akapigiwa makofi.

Kisha tukaingizwa chumbani tulioweza kuenea. Padri alirusha maji ya baraka kwa mkono mpana, na Doyen, akikumbuka kwamba maji na umeme havipatani, akaikinga mashine kwa mwili wake, baraka yote ikaishia kwenye koti lake. Utepe ukakatwa. Lesi ikaondolewa. Mheshimiwa akashika kona ya ile plastiki ya kioo aibandue, akasita, akaisogeza kwenye mwanga. Mahali pa kitufe cha kuanzisha, plastiki ilikuwa imechakaa hadi ikawa nyeupe. Nilimtazama Gédéon. Gédéon alikuwa anatazama dari.

Mheshimiwa akaibandua, akabonyeza. Mashine ikatoa mlio wake mdogo, ikawaka, na kwa adabu yake yote ikaonyesha kazi ya mwisho iliyofanya na kuuliza kama tunataka kuirudia. Mheshimiwa akainamia kioo, kipaza sauti mkononi, na hema zote mbili zikamsikia.

"Pondu Larissa," akasoma. Akageuka. "Larissa njo nani?"

Hata fanfare nje waliacha kuchezea ala zao. Niliogopa kuliko siku yoyote maishani mwangu. Gédéon angefukuzwa kazi na mimi ningefutwa chuo siku hiyohiyo, mbele ya kamera. Uso wa Doyen ulikuwa umepauka, midomo ikifunguka, na nilijua neno litakalotoka: angetukataa, angesema kuna wahuni walioingia bila ruhusa yake. Mke wake alikuwa nyuma yake, bado kashika glasi ile tupu. Niliitazama glasi, nikawahi.

"Ni miye, Excellence," nikasema. "Na pondu ni kazi ya Monsieur le Doyen."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha woga. Nikaendelea kabla hakijakatika.

"Kwetu Yanonge, mwenye anamimina anaonjaka kwanza, njo anapatia mugeni. Doyen hakutaka akupatie mashine yenye hakuna mutu ameionja."

Mheshimiwa aliitazama glasi ile, akanitazama mimi, akamtazama Doyen. Akaanza kucheka polepole kutoka tumboni, na alipocheka yeye chumba kizima kikapata ruhusa. Akataka kuona hiyo ladha ilikuwaje. Nikafungua begi, nikatoa mémoire, nikamwonyesha picha, nikamweleza kwa maneno yale Gédéon aliyomwelezea mama: mti huu mzuri una ugonjwa, huu nao, huu mzima. Alikuwa na shamba lake, kama wakubwa wote, na akaanza kuuliza maswali ya mtu mwenye shamba. Mwishowe akamgeukia Doyen na kumsogezea kipaza sauti.

"Prof, mulifanya hii yote mbele ya miye kufika?"

Doyen alikitazama kipaza sauti. Mlango wa kutukataa ulikuwa bado wazi, na yeye na mimi tulijua hivyo. Lakini mlango wa pili ulikuwa na kamera na makofi, na katika mlango huo hakukuwa na lenzi yoyote iliyovunjika.

"Excellence," akasema, "mugeni hatumupatie kitu chenye hakiyaonjwa."

Makofi yakalia. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwema. Lakini ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi ilikuwa Jumamosi.

"Alibakisha kusaini tu," nikasema. "Alisema atasaini leo, mbele yako."

Doyen alinigeukia kwa uso wa mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki mbele ya wakwe. Mheshimiwa mwenyewe akachomoa kalamu yake. Doyen akaiweka mémoire yangu juu ya kifuniko cha mashine, kifuniko kilichokuwa kimeanza kupata vuguvugu, akasaini, na televisheni ikamchukua akisaini. Picha hiyo ilionyeshwa usiku ule na mama akaiangalia mara mbili, moja kwetu na moja kwa majirani.

Nilitetea juma lililofuata. Doyen alikuwa mwenyekiti wa jury na hakuwa mbaya, ila alisisitiza jambo moja: kwamba utafiti wangu ni mzuri lakini shamba lake yeye, njia ya Bafwasende, halina ugonjwa, kwa sababu miti yake huichagua mwenyewe kwa macho. Nikasema kwa heshima kwamba macho hayaoni virusi. Akasema ya kwake yanaona. Nikapewa distinction, alama ya juu, tukala lituma tena, na baada ya miezi michache kitivo kikanichukua kuwa msaidizi pamoja na Gédéon.

Mngedhani kuanzia hapo mashine ilifanya kazi. Sisi pia tulidhani. Lakini mheshimiwa alikuwa ameguswa kupita kiasi. Katika hotuba yake ya mwisho chini ya hema alisema kazi hii haiwezi kubaki Kisangani, lazima mkubwa wake aje kuiona kwa macho yake, na akaahidi kurudi naye kwa uzinduzi mkuu. Asubuhi yake, Ijumaa, Doyen alinunua utepe mpya. Lesi ikafuliwa, ikapigwa pasi, ikarudishwa juu ya mashine. Kwa kuwa plastiki ya kiwandani ilikuwa imeshabanduliwa, alikata nyingine kutoka kwenye nailoni ya kufunikia madaftari, akaibandika kwenye kioo, akaipapasa mapovu yote yatoke. Mlango ukafungwa. Wanafunzi walioanza mwaka ule wakarudi kwenye chaki na mraba.

Mradi wa Ulaya ukatuma dawa mpya, na Gédéon bado alikuwa na ufunguo. Kwa hiyo Jumapili tuliendelea kusali. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho, Chancelle, alijiunga nasi na majani ya migomba yake, na mama akawa anatuma majani ya shamba jipya kila anapotoka Yanonge, shamba dogo, lakini zima.

Jumapili moja, mashine ikiwa inazunguka na spika za jirani zikiwa zimepamba moto, mlango uligongwa. Si kama mlinzi anavyogonga. Ilikuwa hodi ya adabu, ya vidole viwili. Chancelle alijificha nyuma ya friza. Gédéon akasimama mbele ya mashine na mikono nyuma, kama kawaida yake. Nikafungua.

Alikuwa Doyen, amevaa suti ya kanisani, na mkononi kabeba mfuko wa plastiki. Kupitia mfuko niliona majani ya muhogo, na jani la juu kabisa lilikuwa limekunjamana pembeni, lina doa la njano. Alikuwa na aibu, uso wake ulikuwa uso wa mama yangu siku ile ya jikoni, na chuki yote niliyomwekea ikanitoka. Akatazama taa ya mashine inayowaka nyuma ya bega la Gédéon, akatazama utepe, akashusha sauti.

"Ni hapa munasalaka?" akauliza.

Nikamwambia ni hapa, aingie, ainame asigonge utepe. Akainama. Nikampa koti jeupe juu ya suti, nikampa kinu kidogo na mchi, na mkuu wa kitivo akaketi, akaanza kutwanga pondu yake jani kwa jani, kwa juhudi ya mtu ambaye miaka yote alikuwa ameichora kazi hiyo ubaoni tu. Mistari ya virusi ilipong'aa chini ya taa ya zambarau aliisoma mwenyewe, maana alijua kuisoma kuliko sisi sote.

Tulipomaliza hakukubali tumsaidie kufunika. Alirudisha plastiki mwenyewe, kona kwa kona, akalaza lesi ya mkewe juu yake na kunyoosha pindo, akahakikisha utepe haujalegea. Kisha, mkono ukiwa kwenye kitasa, akauliza Jumapili ijayo ibada inaanza saa ngapi.